Mapafu ya Ploti Nzima

Nyumba ya Bi Salme ilikuwa ghorofa ya tano, mlango wa mwisho mkono wa kushoto, na tangu atoke hospitali hakuwa amekanyaga kizingiti chake. Madaktari walimfungua ubavu wa kulia wakamtoa kipande cha pafu chenye saratani, kisha wakamshona vizuri, mshono ukalala kama wa fundi wa kanzu. Upasuaji haukuwa na neno. Neno lilikuwa ngazi. Ploti ile, jengo la kupangisha mtaani Tassia, haina lifti na haijawahi kuota kuwa nayo. Maji yenyewe yakitaka kufika juu hubebwa mgongoni. Teksi ilipomshusha siku ile, Bi Salme alitazama juu kwenye kamba za nguo, akapanda vidato vichache, akashika ukuta, akawa anahema kama mtu aliyefukuzwa. Wakamrudisha chini. Nurto, Msomali muuza vitambaa aliyekuwa na chumba pale pale penye lango, akamtandikia kitanda katikati ya marobota ya madera na mashuka, akamwambia akae hapo mpaka mwenyewe aseme basi.

Mwanawe wa pekee, Farid, alikuwa na mawazo mengine. Farid ana nyumba yake Njiru na duka la misumari, saruji na rangi, na kazi yake ni kukaa juu ya kiti kirefu tangu asubuhi akipiga simu. Ni kijana mwema, mnene, mwenye hofu nyingi.

"Mama, kule chumba kipo, kitanda kipo, choo kiko ndani kwa ndani," alimwambia, amekaa kwenye robota la mashuka mpaka likabonyea. "Unangoja nini hapa kwa watu?"

"Nangoja kupanda kwangu."

"Utapandaje na pafu moja?"

"Ninayo mawili. Moja limepunguzwa tu, kama leso iliyokatwa pindo."

Farid hakucheka. Akasema Jumapili ya mwisho wa mwezi angekuja na pikapu. Mama akiweza kupanda kwa miguu yake mpaka mlangoni kwake, yeye hatafungua mdomo tena. Akishindwa, vyombo vitashushwa na safari ya Njiru itaanza hapo hapo.

Bi Salme alikubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Njiru aliijua. Nyumba nzuri, geti jeusi, vigae vinavyoteleza, na mkwe mwema anayefunga jikoni akishapika ili kuku wa jirani wasiingie. Angeishi kule kama mgeni aliyesahau kuondoka. Huku Tassia alikuwa na sufuria zake, dirisha lake, na mlango ambao watu waliubisha wakiita jina lake. Alizaliwa Majengo, akaolewa Majengo, akafiwa na mume huko, na chumba kile cha ghorofa ya tano kilikuwa cha kwanza maishani mwake ambacho ufunguo ulikuwa wake peke yake.

Kesho yake akaja Eve, msichana wa mazoezi kutoka kliniki, na begi mgongoni. Akamwelezea mambo pole pole, Nurto akisikiliza kutoka kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, na Njoki, mwenye saluni ya ghorofa ya kwanza, amesimama mlangoni na kitana kichwani.

"Pafu likishapasuliwa linataka kujazwa hewa," Eve alisema. "Ukilala tu, linajikunja na kushikana, kama mfuko wa plastiki uliolowa. Kwa hiyo dawa yako ni kusogea. Tembea kwenye korido, kila siku uongeze kidogo. Ngazi, anza na chache. Mkono wa upande wa mshono uinue kama unaanika nguo. Kumbatia mto hivi, ukohoe, makohozi yatoke. Ukiishiwa na pumzi, vuta kwa pua, toa kwa midomo iliyobinuka, kama unapoza chai."

Akatoa na kidude cha plastiki chenye mrija na mipira mitatu ya rangi. Unaweka mrija mdomoni, unavuta hewa taratibu, mipira inapanda. Bi Salme alivuta. Mpira wa kwanza ulitikisika kidogo, kama mtu anayeamshwa akakataa.

"Utapanda," Eve akasema. "Ila lazima uvute wewe."

Eve alipokwisha kutoka langoni, Njoki aliingia ndani kabisa akakaa.

"Kwani huyu msichana anataka kutuulia mtu?" akauliza.

Jioni ile ile aliitisha mkutano kando ya tangi la maji. Njoki alikuwa mwenyekiti wa chama cha ploti, mama wa kutoka Murang'a, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na mkutano wake haukuwa na watu wanaochelewa. Bi Salme aliusikia wote kupitia dirishani, maana dirisha la Nurto lilikuwa hatua chache kutoka tangini.

"Mama Farid ameambiwa apande ngazi," Njoki alianza. "Na kidonda ubavuni. Asipopanda, Farid anamchukua. Sasa niwaulize. Bili ya hospitali, tulisimama nayo au hatukusimama?"

"Tulisimama."

"Na ilipotakiwa damu, nani alitoa?"

Sydney akainua mkono. Alikuwa utingo wa matatu ya Jogoo Road, miguu kama ya swala. Mzee Nzivo, bawabu, naye akainua wake.

"Hiyo damu ilikataa kuingia kwa Mama Farid eti kwa sababu ni ya Sydney?"

"Haikukataa."

"Basi mazoezi yatakataa kwa nini?"

Swali lilikuwa zito na kila mmoja alilizunguka bila kuona mlango.

"Si mgonjwa ana watu?" Njoki akaendelea. "Aonekane hapa akijiburura kwenye ngazi, mshono umemshika, na sisi tumekaa tunamtazama? Wapita njia watasema ploti hii haina watu, ina wapangaji tu. Hapana. Mzigo wake tutaugawa kama tunavyogawa mizigo yote."

Wakaugawa. Sydney akapewa ngazi. Nurto akachukua mkono, kwa kuwa kuinua mkono ndiyo kazi yake, akishusha vitambaa rafuni. Mzee Nzivo akapewa kukohoa. Kikohozi alikuwa nacho tayari cha miaka mingi, alihitaji mto tu. Kidude cha mipira Njoki alijitwalia mwenyewe, na hakuna aliyempinga.

"Jamani," Bi Salme alisema kupitia dirishani, "nani amewaambia nimekufa?"

"Lala, Mama Farid," Njoki akamjibu kwa upole. "Wewe kazi yako ni kupona."

Ndipo shughuli ikaanza. Asubuhi Sydney, kabla hajaenda kazini, alipanda mpaka juu na kushuka, akapanda tena, kisha akaingia kwa Nurto jasho linamchuruzika kuleta habari.

"Mathee, leo umepanda fiti sana. Hapo juu ya nne ulianza kulegea, lakini ukajikaza."

"Nilijikaza?"

"Ulijikaza mbaya. Ila goti la kushoto linakusumbua. Nitalipaka dawa."

Akajipaka dawa ya misuli kwenye goti lake hapo hapo mbele yake, na Bi Salme akajikuta anapapasa la kwake, kuona kama linapoa.

Nurto naye kila alipouza kitambaa alimgeukia. "Mkono wako wa kulia unafika rafu ya juu sasa, Bi Salme. Mashallah." Njoki alivuta mipira saluni, wateja wamefungwa taulo kichwani wakimhesabia sekunde, na siku aliyofaulu kupandisha mpira wa tatu ukakaa juu, alishuka mwenyewe kumpongeza Bi Salme na kumletea chapati. Saa kumi jioni Mzee Nzivo aliketi langoni, akakumbatia mto wenye maua, akakohoa kwa bidii mpaka mbwa wa mtaa wakahama. Waliokuwa wakipita wakauliza kuna nini. Wakaambiwa ni Mama Farid anatoa makohozi.

Na kwa kweli kazi ilizaa matunda, sema yalianguka upande usiotarajiwa. Njoki aliacha kukwama katikati ya nyimbo kanisani. Nurto alilala bila maumivu ya bega. Kikohozi cha Mzee Nzivo kikaisha kabisa, ikabidi atafutwe mkohoaji mwingine wa kumsaidia. Ploti ikang'aa kwa afya. Bi Salme peke yake ndiye aliyenyauka. Miguu ililegea kama muhogo uliochemka sana, na siku moja aliposimama kuswali, aliirudia rakaa ameketi. Alipofunga mikono akawa anawaza geti jeusi la Njiru.

Alijaribu kuwaeleza. Akiinuka kitandani, mtu alimkalisha. Akinyoosha mkono, Nurto aliushusha na kuinua wake. Alipopewa chai akaanza kuipuliza kwa midomo iliyobinuka kama alivyofundishwa, Nurto akamnyang'anya kikombe akampulizia mpaka ikawa baridi. Kusema kweli hawakuwa wakaidi. Walimpenda tu, kwa namna ambayo haikumwachia nafasi.

Kitu kimoja ndicho hawakuweza kumfanyia, na Bi Salme alikigundua asubuhi alipokuwa akivaa malapa. Choo cha chini kilikuwa mwisho wa korido, kupita tangi, kupita chumba cha mitungi. Alikwenda. Hakuna aliyemzuia. Akarudi, akapumzika, akaenda tena. Adhuhuri akaenda tena kwa njia ya kuzunguka, ukuta hadi ukuta, anavuta kwa pua, anatoa kwa midomo, mkono wa kulia ukipanda kidogo kidogo kwenye ukuta kama mjusi. Ndani ya choo, mlango umefungwa, alikumbatia leso aliyoikunja na kukohoa chini chini.

"Bi Salme," Nurto alisema baadaye, akimtazama kwa huruma, "tumbo linakuendesha?"

"Linaendesha," Bi Salme akasema. Uongo aliuchukia, lakini Njiru aliichukia zaidi.

Habari zikapanda juu ghorofa kwa ghorofa. Zikashuka na ndizi mbichi za kuchemsha, uji wa muhogo mzito kama saruji ya Farid, chai ya rangi isiyo na sukari. Sydney akaja akasimama mlangoni ameshika kofia.

"Mathee, hiyo nayo tumeshindwa kukusaidia. Tumejaribu kufikiria. Hakuna njia."

"Najua, mwanangu. Hiyo nitajikaza mwenyewe."

Eve aliporudi, Njoki alimpokea kwa fahari, akaweka mrija mdomoni mbele yake, akapandisha mipira yote mitatu akaishikilia pale juu huku jicho moja likimwangalia Eve.

"Hicho kifaa ni cha mtu mmoja," Eve akasema. "Hakichangiwi mdomo."

"Nakiosha na maji moto. Mama Farid anaendelea vizuri, si unaona?"

"Nani amekuwa akipanda ngazi?"

"Sydney."

"Nauliza, mgonjwa amepanda?"

"Si ndiyo hiyo nimekujibu."

Eve alieleza upya, kwa mikono, kwa mfuko wa plastiki alioutoa kwenye begi lake, kwa kuchora mapafu kwenye karatasi ya kufungia vitambaa. Wakamsikiliza kwa heshima kubwa. Alipomaliza, Njoki alimshukuru, akamwuliza kama anaona waongeze, maana ghorofa ya nne kulikuwa na vijana wawili waliokuwa hawajapewa zamu. Eve akaifunga kalamu yake, akaomba kubaki na mgonjwa faragha.

"Shosho," akanong'ona walipobaki wawili, akimbana kidole kwenye kifaa kidogo cha kupima hewa ya damuni, chenye taa nyekundu, "hii namba si mbaya. Mbona si mbaya?"

"Naenda choo," Bi Salme akanong'ona.

Eve akamwinamia. "Mara nyingi?"

"Watu wananiombea."

Eve aliuma mdomo akashughulika na zipu ya begi. "Na hiki cha chini kikiziba, huwa mnaenda kipi?"

"Cha ghorofa ya kwanza."

"Vyoo vya mitaa hii huziba sana," Eve akasema, akavaa viatu vyake akaondoka.

Kesho yake choo cha chini kikaziba. Aliyetangaza ni Bi Salme mwenyewe, na kwa kuwa ndiye aliyekitumia kuliko wote, hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Akaushika ukingo wa ngazi. Kidato, pumzi. Kidato, pumzi. Alisimama kila alipotaka, akajifanya anafunga leso. Katikati ya njia Sydney, akitoka chini mbio, alimkuta.

"Mathee, uko kwa ngazi?"

"Naenda choo."

"Ah, sawa. Mimi niko kwa zoezi lako." Akampita, akiruka vidato viwili viwili, na kutoka juu sauti yake ikashuka, "Usijali, tunamalizia."

Siku zikaenda hivyo. Choo cha ghorofa ya kwanza kilikuwa na foleni ya wateja wa saluni, kwa hiyo ilibidi afike ya pili. Ghorofa ya tatu walikuwa wakorofi, chao walikifunga kufuli, hivyo hakuwahi kuvuka ya pili. Nguvu zilimrudia tone kwa tone. Nurto aliona mashavu yake yanapata rangi, akasema ni ule uji wa muhogo. Bi Salme hakubishana. Ila usiku akilala alizipanda ngazi kichwani, na kila mara zilikatika kabla ya kufuli la ghorofa ya tatu. Juu ya hapo hakujua kifua chake kingesema nini.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Farid akafika na pikapu, dereva na kamba. Watu walikuwa wametoka kanisani, Njoki bado ana kilemba chake cha kwaya. Farid akaamkia, akambusu mama mkono, akamtazama usoni.

"Haya mama. Twende ngazi."

Bi Salme akakaza leso kiunoni na kusimama. Njoki akamwekea mkono begani.

"Unaenda wapi?"

"Kupanda."

"Ulishapanda leo asubuhi," Njoki akasema.

"Tena ukarudia," Sydney akaongeza.

Farid akawatazama mmoja mmoja. "Nani alipanda?"

"Mama yako."

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu ya ploti," Njoki akasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba maji hulowesha. "Farid, mwezi mzima mama yako amepanda hizi ngazi kila siku iliyokucha. Uliza mtu yeyote. Sydney, mwonyeshe."

Sydney akapanda. Miguu yake ilisikika mpaka juu, ikasikika mpaka chini, akatua mbele ya Farid.

"Umemwona?"

"Nimekuona wewe."

"Angalia kifua. Nahema? Sihemi. Huyo ni mathee yako vile amepona."

Farid ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara akikuta bei ya ajabu hagombani nayo, huitumia. Akajikuna kidevu.

"Sawa. Kama kupandiana kunaruhusiwa, basi mwenye haki ya kwanza ni mimi. Nani mwingine hapa ametoka tumboni mwake? Nitampandia mimi. Nikifika, anabaki. Nikishindwa, ameshindwa yeye, na hapo hapo twende Njiru."

Wote walitafuta namna ya kumkatalia mtoto wa mtu haki hiyo wakaikosa.

"Ametushika," Njoki akasema polepole.

"Farid, mwanangu," Bi Salme akasema, "wewe hata dukani kwako husimami ukipima misumari."

"Ndiyo maana nataka kupanda, mama."

Hakuna aliyejua kama alikusudia kushindwa, na pengine yeye mwenyewe hakujua. Lakini alipokanyaga kidato cha kwanza ploti nzima ilimwingia nyuma. Walimsukuma mgongoni, walimvuta mikono, walimpepea kwa vitabu vya nyimbo.

"Panda, Mama Farid," walimwita. "Jikaze, Mama Farid. Umebakisha kidogo."

Bi Salme alibaki uani peke yake na dereva aliyelala na gazeti usoni. Akasikiliza. Ghorofa ya kwanza kelele zilikuwa za arusi. Ya pili zikapungua. Kisha zikakatika. Baada ya muda kichwa cha Nurto kikachomoza ukingoni mwa ghorofa ya tatu.

"Bi Salme, usiwe na wasiwasi," Nurto akaita. "Umekwama hapa. Hupumui vizuri."

"Mimi au Farid?"

Nurto akafikiri. "Nyote wawili."

Hapo Bi Salme hakungoja. Hapakuwa na mtu wa kumkalisha, wote walikuwa juu. Alianza kwa mwendo wake wa choo, mkono kwenye ukingo, pua, midomo, kidato. Ghorofa ya kwanza akapumzika mlangoni pa saluni, mgongo ukutani. Mshono ulivuta, akaushika kwa kiganja. Ghorofa ya pili akasimama mbele ya kile choo, miguu ikitaka kuingia kwa mazoea, akaikatalia. Kutoka hapo kwenda juu hakuwa amekanyaga kidato hata kimoja tangu afunguliwe ubavu. Alikivuka cha kwanza, akakivuka cha pili, na kifua kikaanza kulia filimbi. Akaipoza chai yake isiyokuwepo. Filimbi ikashuka. Akaendelea.

Alimkuta Farid amekaa sakafuni chini ya lile kufuli, vifungo vya shati wazi, macho yamemtoka, uso una rangi ya majivu, anavuta hewa juu juu kama samaki karaini. Watu wamemzunguka duara. Sydney alikuwa akipumua kwa nguvu sikioni mwake ili Farid aokote pumzi hiyo. Njoki alishika kidude, mipira yote mitatu iko juu, akimwonyesha. "Umeona? Unapumua. Tulia, unapumua vizuri sana."

"Tokeni," Bi Salme akasema. "Mnammalizia hewa."

Wakatoka. Wengine hata hawakushangaa kumwona; walidhani ni sahihi awepo. Alijishusha taratibu mpaka akakaa mkabala na mwanawe, akaweka viganja viwili pamoja mbele ya midomo yake.

"Farid. Chai hii, ya moto. Ipoze."

Farid akamtazama bila kuelewa.

"Ni ya moto, mwanangu, utaungua. Vuta harufu yake kwa pua. Iliki hiyo. Sasa ipulize. Taratibu, usinimwagie."

Farid akapuliza kwenye viganja. Bi Salme akapuliza naye. Wakaipoza chai ile muda mrefu, mama na mtoto, mpaka rangi ikamrudia midomoni na mabega yakashuka.

"Mama," akasema alipopata sauti, "umefikaje hapa?"

"Nilikuwa nikienda choo."

"Hiki kimefungwa."

"Basi nitaenda cha ghorofa ya tano."

Njoki alikuwa ameanza kushukuru kwa sauti. "Si niliwaambia? Kazi yetu imemfikia. Ni kama damu tu, ilichelewa kidogo kwenye njia."

Lakini Farid alikuwa na lake. Alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Makubaliano ni makubaliano. Nimepanda kwa niaba yako, nimeshindwa. Nikipata nguvu ya kushuka, tunabeba vyombo."

"Kweli," Bi Salme akasema. "Wewe umeshindwa. Mimi bado niko njiani."

Akainuka. Alipapasa ukuta mpaka akasimama wima, na watu wakasogea ili apite. Nurto alinyoosha mikono kumshika, Njoki akaizuia, na hakuna aliyemwuliza Njoki kwa nini, hata yeye mwenyewe alionekana kushangazwa na mikono yake. Bi Salme akapanda. Nyuma yake wakapanda wote, wakikanyaga anapokanyaga, wakisimama anaposimama, na mwisho kabisa Farid, anashika ukingo kwa mikono miwili. Ghorofa ya nne kifua kiligoma kabisa. Alikaa kwenye ndoo ya mtu iliyopinduliwa, akafumba macho, na kwa muda akaiona Njiru wazi, geti, vigae, jikoni palipofungwa. Akapoza chai. Nyuma yake alisikia ngazi nzima inapuliza, watu wote wamebinua midomo, Mzee Nzivo kwa sauti kuliko wote. Hawakumsaidia lolote kwa kufanya hivyo. Hata hivyo, alijikuta hataki waache.

Ngazi za mwisho alizipanda kwa mkono zaidi kuliko kwa mguu. Akafika kwenye korido yake, akatembea hadi mwisho mkono wa kushoto, akaweka kiganja kwenye mlango wake na kukiacha hapo. Mbao zilikuwa na vumbi. Pumzi aliyokuwa nayo aliihitaji yote.

"Ufunguo," Nurto akanong'ona.

Farid akapapasa mifuko. Akatazama chini, kwenye shimo la ngazi alizokwisha kuzipanda, na uso wake ukalegea. "Uko kwenye pikapu. Niliuchukua mama alipolazwa, nikauweka huko ili tuanze kubeba vyombo."

Sydney alikuwa ameshageuka. "Nakuendea, bro, usijali. Kaa tu."

Farid akakaa juu ya kidato, amejipakata magoti. Akafikiri kidogo. "Sydney," akaita, na Sydney akasimama ghorofa ya chini yake. "Ukimfikia yule dereva, mwambie arudi. Gari liende tupu."

"Na wewe utaendaje Njiru?"

"Sijui," Farid akasema. "Kesho nitajaribu kushuka."

Sydney aliporudi na ufunguo, Bi Salme aliupokea na kufungua mwenyewe. Harufu ya chumba kilichofungwa ikatoka, ya iliki kuukuu na sabuni. Watu walisogea kwa pamoja, Njoki mbele, wote wamechoka, wote wanataka kuona alivyoingia. Bi Salme akageuka kizingitini akawazuia kwa mkono wa kulia, ulionyooka bega hadi vidole.

"Vueni viatu," akasema.

Wakainama wote pale koridoni wakaanza kuvua.